Mboga ni Nafasi: Upishi Mwepesi wa Vyakula vya Nyumbani Bila Nyama Katika Kitale na Bungoma

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma, jua linapotua huulizwa swali moja: "Leo mboga ni nini?" Jibu laweza kuwa "mboga ni sukuma wiki", "mboga ni maharagwe", "mboga ni samaki", au hata "mboga ni nyama". Mgeni aliyejifunza Kiswahili chake darasani, akazoea kuwa mboga ni majani na matunda ya bustanini, hushangaa kusikia nyama ikiitwa mboga. Mwenyeji hashangai. Kwake, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali. Ndicho kile ambacho kwingineko huitwa kitoweo au kitoweleo.

Makala haya yananuia kuonyesha kuwa matumizi hayo ya neno yamebeba funzo la jikoni. Ikiwa mboga ni nafasi katika mlo wala si kitu mahsusi, basi nyama ni kimojawapo tu cha vitu vinavyoweza kuijaza nafasi hiyo. Anayetaka kupika vyakula alivyovizoea bila nyama hana haja ya kuanza na swali la "nitaweka nini badala ya nyama?" Inafaa aanze na swali la "nafasi hii inadai nini?" Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo tofauti ya mlo unaoridhisha na mlo unaoliwa kwa subira.

Suala lenyewe si dogo. Wapo wasiokula nyama kwa sababu ya imani, wengine kwa ushauri wa daktari, wengine kwa kuwahurumia wanyama, na wengi zaidi kwa sababu ya bei ya buchani. Chukua mfano wa mwanafunzi wa chuo kikuu anayerejea nyumbani Bungoma wakati wa likizo baada ya kuacha nyama. Mama yake amekwisha kumkamata kuku. Katika jamii ya Waluhya, kuku ni heshima. Kumchinjia mtu kuku ni kumwambia kuwa amepokewa. Kijana anaposema kwa sauti ya chini, "Mama, siku hizi sili nyama," mama hasikii habari ya lishe. Husikia kwamba mapokezi yake yamekataliwa. Swali lake, "Sasa mwanangu, nikupikie nini?" ni la mtu aliyenyang'anywa lugha ya kuonyesha upendo. Jibu la kijana haliwezi kuwa "chochote tu". Sharti liwe chakula kinachojulikana, chenye jina, na kinachoweza kuandaliwa mezani pasipo aibu.

Msamiati wa chakula na hadhi yake

Aibu hiyo ina mizizi katika msamiati. Jina sukuma wiki lenyewe linaeleza kisa chake: ni mboga ya kuisukuma wiki hadi siku ya mshahara, ambapo nyama itanunuliwa. Mlaji huambiwa na jina la chakula kwamba anachokula ni cha kungojea kingine. Methali nayo huongeza chumvi kwenye kidonda: ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Kwa mtazamo huu, maharagwe ni titi la mbwa.

Neno posho lina historia inayofanana na hiyo. Katika mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia na kwingineko wakati wa ukoloni, posho ilikuwa kipimo cha chakula alichopewa kibarua, hasa unga wa mahindi, na pengine maharagwe. Leo kinu cha kusagia nafaka bado huitwa kinu cha posho, na nchini Uganda posho ni ugali wenyewe. Mlo wa unga na maharagwe ulihusishwa na utumwa wa kazi, ilhali nyama ilihusishwa na uhuru na sherehe.

Hata hivyo, lugha zizo hizo zimehifadhi utajiri mkubwa wa majina ya mboga za majani. Mrenda, mboga inayoteleza, huitwa murere na Waluhya wengi. Majani ya kunde huitwa likhubi, na majani ya maboga huitwa seveve. Mgagani hujulikana kama saga au tsisaka. Mnavu huitwa managu katika masoko mengi ya Kenya. Na kuna mitoo, au miro, pamoja na nderema inayotambaa kwenye ua. Jamii inayodharau chakula haikipi majina mengi kiasi hicho.

Mkanganyiko wa majina nao unastahili kutajwa, kwa kuwa humpotosha anayefuata maelezo ya upishi kutoka nchi jirani. Mkenya anaposema ndengu anakusudia zile punje ndogo za kijani ambazo Mtanzania huziita choroko, na ambazo watu wa pwani huziita pojo. Mtanzania anaposema dengu ana nafaka nyingine akilini. Aliyeko Kitale akielekezwa apike dengu, ni vyema aulize kwanza mwelekezaji ametoka wapi.

Chimbuko la mlo wa sasa

Ugali mweupe wa mahindi, unaodhaniwa na wengi kuwa wa tangu jadi, ni mgeni wa hivi karibuni akilinganishwa na ugali wa wimbi na wa mtama. Kitale ilichangia pakubwa katika mabadiliko hayo. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa humo mwaka 1956, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mahindi chotara ya H611, yaliyofuatwa na aina nyingine zilizoifanya Trans Nzoia ijulikane kama ghala la taifa. Mazao yaliongezeka, na wimbi likarudi nyuma hadi kwenye uji na sherehe.

Mboga za kienyeji nazo zilirudi nyuma, kisha zikaanza kurejea. Mwaka 1999 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalichapisha kitabu cha Patrick Maundu na wenzake kuhusu mimea ya vyakula vya asili nchini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Maseno na baadaye katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ameutumia muda mwingi wa utafiti wake kuzichunguza mboga hizo. Naye amesimulia hadharani kwamba utotoni mwili wake haukustahimili protini za wanyama, hivyo mboga za kienyeji zikawa tegemeo lake. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiweka juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya uhifadhi wa urithi. Kwa hivyo, anayepika bila nyama magharibi mwa Kenya haigi mtu. Amerudi katika chungu cha nyanya yake.

Nyama huleta nini chunguni?

Ili kuijaza nafasi ya mboga ipasavyo, ni sharti kwanza ibainike nyama huleta nini. Huleta mambo manne.

Kwanza ni mafuta. Ugali hauna mafuta, na ulimi huyadai. Mafuta ndiyo yanayosambaza harufu ya viungo na kuacha utamu mdomoni. Mboga nyingi zisizo na nyama hushindwa kwa sababu mpishi amezichemsha kwa maji matupu. Simsim na njugu karanga zilizosagwa huziba pengo hili vizuri kuliko mafuta ya kupikia peke yake, kwa kuwa huongeza pia uzito wa mchuzi.

Pili ni ule utamu mzito wa supu ambao si wa sukari wala wa chumvi. Mwaka 1908 mwanakemia Mjapani, Kikunae Ikeda, alibainisha kuwa utamu huo unatokana na glutamati, naye aliipata katika mwani, si katika nyama. Glutamati imo pia katika uyoga na katika nyanya zilizoiva sana. Ndiyo sababu nyanya zinapaswa kukaangwa hadi zivunjike, zikauke na kuachana na mafuta, kabla ya maji kuongezwa.

Tatu ni rangi na harufu ya kukaangwa. Chakula kinapokuwa kikavu na moto ni mkali, kinageuka hudhurungi na kutoa harufu ya kuvutia. Kikiwa na maji, hakigeuki. Vitunguu, uyoga na vipande vya soya vyote huweza kupata rangi hii iwapo mpishi atakuwa na subira na hatajaza sufuria kupita kiasi.

Nne ni utafunaji. Meno hutaka kazi. Maharagwe yaliyopondeka yote hayana kazi ya kuyapa meno; yaliyobaki mazima kwa nusu yanayo.

Mapishi

Mapishi yafuatayo yanatosha watu wanne, na yote yanawezekana kwenye jiko moja la makaa au la gesi katika chumba cha kupanga.

Mchuzi wa uyoga na njugu. Huu unafaa kuliwa pale ambapo mlaji angetarajia kuku. Uyoga, unaoitwa obwoba na Waluhya wengi, ni chakula cha heshima tangu zamani, hasa ule unaochipuka karibu na vichuguu mvua zinapoanza. Asiyeutambua wa mwituni asiuchume kamwe, kwani upo wa sumu unaofanana na ule unaolika. Anunue wa kulimwa. Nusu kilo ya uyoga ichanwe kwa vidole kufuata nyuzi zake, isikatwe kwa kisu, ili ipatikane mithili ya minofu. Itiwe katika sufuria yenye moto bila mafuta. Itatoa maji mengi. Maji hayo yaachwe yakauke kabisa. Hapo ndipo vijiko vitatu vya mafuta huongezwa na uyoga kukaangwa hadi ugeuke rangi, kisha uwekwe kando. Katika sufuria hiyo hiyo vikaangwe vitunguu viwili, vitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha nyanya nne zilizoiva. Nyanya zikishaachana na mafuta, vijiko vinne vya njugu karanga zilizokaangwa na kusagwa vikorogwe katika vikombe viwili vya maji vuguvugu na kumiminwa. Mchuzi uchemke kwa moto mdogo kwa dakika 10 hivi huku ukikorogwa, kwani njugu hushika chini upesi. Uyoga urudishwe, chumvi itiwe, na dania zikatiwe juu.

Pilau isiyo na nyama. Wengi huamini kuwa rangi ya pilau hutoka kwenye nyama. Ukweli ni kwamba hutoka hasa kwenye vitunguu na viungo. Vitunguu vitatu vikubwa vikatwe vyembamba na kukaangwa katika robo kikombe cha mafuta mpaka viwe na rangi ya kahawa iliyokolea, bila kuungua. Hatua hii huchukua dakika 15 au zaidi, na hakuna njia ya mkato. Vitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga hufuata, pamoja na viazi vilivyokatwa na kikombe kimoja cha kunde au minji zilizochemshwa. Vikombe viwili vya mchele uliooshwa vigeuzwe humo hadi kila punje ipate mafuta, kisha vimiminwe vikombe vinne vya maji ya moto. Maji ya mwisho ya kuchemshia kunde yanafaa zaidi kuliko maji matupu. Yakikaribia kukauka, sufuria ifunikwe na moto upunguzwe hadi wali uive.

Sambusa za ndengu. Kikombe kimoja na nusu cha ndengu kichemshwe kwa nusu saa au zaidi kidogo, hadi punje zilainike lakini zisipasuke zote. Ndengu hazihitaji kulowekwa usiku kucha, na hii ni nafuu kwa mwenye makaa machache. Zichujwe vizuri, kwa maana ujazo wenye maji hupasua sambusa ndani ya mafuta. Nusu yake ipondwe kwa mwiko, nusu iachwe nzima. Zikaangwe pamoja na vitunguu, pilipili, bizari na dania mpaka zikauke. Ujazo huu ukiachwa na mchuzi kidogo badala ya kukaushwa, huwa ndio mchuzi wa kula na chapati.

Soya ya vipande. Vipande vikavu vya soya hupatikana katika maduka ya Kitale na Bungoma, na mara nyingi hulaumiwa kuwa havina ladha. Kosa huwa ni la mpishi. Vilowekwe katika maji ya moto yenye chumvi kwa dakika 15, vikamuliwe kwa nguvu hadi maji yaishe, kisha vikaangwe vikiwa vikavu hadi pembe zake zigeuke rangi. Baada ya hapo ndipo huingizwa katika mchuzi wa nyanya. Kipande cha soya ni kama sifongo: kisipokamuliwa maji, hakina nafasi ya kuingiza mchuzi. Anayetumia viungo vya pakiti asome maandishi yake, kwa kuwa baadhi vina mafuta ya wanyama.

Mrenda na kunde kwa munyu. Hapa ndipo upishi wa magharibi mwa Kenya unapotoa kitu chake mwenyewe. Maganda makavu ya maharagwe au ya ndizi huchomwa. Jivu lake hutiwa katika chombo chenye matundu, maji hupitishwa juu yake, na yanayodondoka yakiwa na rangi ya chai huitwa munyu. Wanafunzi wa Kiswahili watakumbuka kuwa munyu ni neno kongwe la Kiswahili lenye maana ya chumvi. Maji hayo hulainisha majani magumu, hupunguza uchungu na kuhifadhi ukijani. Vijiko viwili au vitatu vinatosha sufuria ndogo. Vikizidi, mboga huwa na ladha ya sabuni na baadhi ya vitamini huharibika. Munyu uchemshwe na vikombe viwili vya maji, majani ya kunde yatiwe kwanza kwa kuwa ni magumu, kisha mrenda. Dakika 10 hadi 15 zatosha. Mwishoni vijiko viwili vya simsim iliyokaangwa na kusagwa vikorogewe humo. Anayekunywa maziwa aweza kutumia maziwa lala au malai, kama wafanyavyo wengi.

Mambo ya kuzingatia katika lishe

Mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Maharagwe, kunde na ndengu zina lisini nyingi, lakini zina upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ugali kwa maharagwe, au mahindi yaliyochanganywa na maharagwe, ni muungano unaokamilishana. Waliokula posho hawakuchagua mlo huo, lakini mlo wenyewe haukuwa duni kama jina lake.

Madini ya chuma yaliyo katika mboga za majani hayafyonzwi na mwili kwa urahisi kama yale ya nyama. Ndimu, chungwa au nyanya mbichi zinazoliwa katika mlo huo husaidia. Chai inayonywewa papo hapo baada ya kula huzuia. Kwa hiyo chai ingoje saa moja hivi. Vitamini B12 nayo haimo katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Anayekula mayai na kunywa maziwa huipata. Asiyetumia hata hivyo hana budi kutafuta vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo au kumwona mhudumu wa afya.

Hatimaye, maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa na moto mkali. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya moto kupunguzwa ili yaendelee kuiva. Kuloweka hupunguza pia muda wa kupika, na kwa hivyo gharama ya makaa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa upishi bila nyama katika Kitale na Bungoma si upishi wa kukosa. Nafasi iitwayo mboga inadai mafuta, utamu mzito, rangi na kitu cha kutafuna. Njugu, simsim, uyoga, ndengu na munyu vinayatimiza madai hayo, na vyote vinapatikana sokoni au shambani. Mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali.

Limebaki suala la mama na kuku wake. Kijana anayeingia jikoni mwenyewe, akachana uyoga na kusaga njugu huku mama akimkosoa namna anavyoukoroga mchuzi, hajayakataa mapokezi, amekuja kuyashiriki. Jioni, ndugu mdogo atakaposimama mlangoni na kuuliza leo mboga ni nini, mama ndiye atakayejibu. Akijibu "mboga ni obwoba" kwa sauti ile ile ambayo angesemea "mboga ni kuku", basi nafasi itakuwa imejazwa.